Hofu kwa Lugha Tatu

Kusini mwa mji wa Sydney, kwenye ukingo wa kaskazini wa mdomo wa ghuba ya Botany Bay, kuna kitongoji kiitwacho La Perouse. Jina hilo la Kifaransa katika nchi inayotawaliwa kwa Kiingereza lina historia fupi. Mnamo Januari 1788 meli za Waingereza, zikiwa zimebeba wafungwa na walinzi wao, zilitia nanga katika ghuba hiyo. Siku chache baadaye, tarehe 26 ya mwezi huohuo, ziliingia meli mbili za Kifaransa, Boussole na Astrolabe, chini ya uongozi wa Jean-François de La Pérouse. Wafaransa walikaa hapo hadi tarehe 10 Machi. Maofisa wa pande mbili walitembeleana, na barua za mwisho za La Pérouse zilifika Ulaya kwa kupitia meli za Waingereza, kwa kuwa meli zake mwenyewe hazikurudi kwao kamwe. Kwa majuma sita, lugha mbili zilizokuwa zikigombea ukuu wa dunia zilikaa jirani katika pwani moja, kila moja ikikipa jina kila kitu ilichokiona. Pwani hiyo ilikuwa tayari na majina yake.

Ugomvi wa lugha hizo mbili haukuwa wa meli na mizinga peke yake. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1784, Antoine de Rivarol alishinda tuzo ya Akademia ya Berlin, pamoja na Johann Christoph Schwab, kwa insha iliyoeleza kwa nini Kifaransa kimekuwa lugha ya ulimwengu. Hoja ya Rivarol ilikuwa kwamba Kifaransa kina uwazi ambao lugha nyingine hazina. Mpangilio wa sentensi yake hufuata mpangilio wa akili yenyewe. Waingereza nao walikuwa na majivuno yao: kwamba lugha yao ina ghala kubwa la maneno na haina haya ya kukopa. Tangu hapo swali limekuwa likirudi kwa sura mbalimbali: ni ipi kati ya lugha hizi mbili iliyo na msamiati wenye uwezo mkubwa zaidi wa kueleza? Kwa msomaji wa Kiswahili swali hilo laweza kuonekana kama ugomvi wa majirani matajiri juu ya ukuta usiokuwa wake. Lakini mtu aliyetoka Bukavu au Uvira, akajifunza Kifaransa shuleni, akasema Kiswahili sokoni, kisha akajikuta Sydney mbele ya ofisa anayeandika kwa Kiingereza, anajua kwamba ukuta huo unapita katikati ya maisha yake.

Jambo la kwanza ni kuondoa kipimo kisichofaa, nacho ni kipimo cha hesabu. Toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, lililotoka mwaka 1989, lina mijalada 20 na vidahizo zaidi ya 290,000. Akademia ya Ufaransa, iliyoundwa mwaka 1635 na kutoa kamusi yake ya kwanza mwaka 1694, ilikamilisha toleo la tisa mwaka 2024 likiwa na maneno yapatayo 53,000. Anayesoma tarakimu hizi kwa haraka atatangaza mshindi. Ukweli ni kwamba tarakimu hizo zinapima desturi za watunza ghala. Kamusi ya Oxford huhifadhi neno hata likiwa limekufa miaka mia tatu iliyopita. Akademia hupalilia, ikaacha yale inayoyaona kuwa ndiyo matumizi bora. Kiswahili chenyewe kinatoa ushahidi ulio karibu zaidi. Mwaka 1939 ilitoka kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya Frederick Johnson, na mwaka huohuo ukatoka mjalada wa kwanza wa kamusi ya Kiswahili na Kifaransa ya Charles Sacleux, mmisionari aliyefanya kazi Zanzibar na Bagamoyo. Johnson alifanya kazi ya kusanifisha: alitafuta lugha moja itakayofaa shule na ofisi za makoloni kadhaa. Sacleux alikusanya lahaja kwa subira, akaeleza neno lilivyo Mombasa, Lamu na Ngazija. Anayezilinganisha kamusi hizo akasema kwamba Kifaransa kinaieleza lugha ya Kiswahili vizuri kuliko Kiingereza atakuwa amewapima waandishi wawili na makusudi yao mawili, akidhani amezipima lugha.

Isitoshe, kuhesabu maneno humnyima haki yule ambaye utajiri wake haukai kwenye orodha. Kitenzi kimoja, pika, huzaa pikia, pikwa, pikiana, pikisha, pikika. Kiingereza hutumia vihusishi na maneno ya ziada kusema yayo hayo, na Kifaransa vilevile. Kamusi ikiviweka vyote chini ya kidahizo kimoja, mzawa huyo anaonekana maskini. Ikiviweka kila kimoja peke yake, anakuwa tajiri usiku mmoja bila ya kuongezewa chochote.

Hata hivyo, haifai kukimbilia upande wa pili na kusema kwamba lugha zote ni sawa na mjadala umekwisha. Tofauti zipo, na zina uzito. Kifaransa kina vitenzi viwili vya kujua: savoir kwa kujua jambo, connaître kwa kumjua mtu au kukizoea kitu. Kiingereza kina kimoja tu. Kifaransa hutenganisha mto unaofika baharini na mto unaoingia katika mto mwingine. Kiingereza hakioni haja hiyo. Kwa upande wa pili, neno la Kifaransa conscience hubeba mambo mawili ambayo Kiingereza huyapa majina mbalimbali: ile sauti ya ndani inayomsuta mtu, na ile hali ya kuwa macho na kujitambua. Kiswahili hapa kinasimama na Kiingereza: dhamiri ni kitu kimoja, na fahamu ni kingine. Mtu aliyezimia amepoteza fahamu, hajapoteza dhamiri. Tena, kitenzi cha Kifaransa aimer hutumika kwa mke na kwa embe, jambo ambalo Kiingereza hulikwepa kwa vitenzi viwili. Kiswahili, kwa kusema penda, kinaungana na Kifaransa. Hakuna lugha inayoshinda kila mahali. Kila moja imefuma wavu wake, na matundu ya nyavu hizo hayalingani.

Kiingereza kina sifa moja ambayo Mswahili huitambua upesi, kwa sababu ni yake pia. Baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, lugha ya watu wa kawaida ilikaa chini ya Kifaransa cha watawala na Kilatini cha makasisi. Matokeo yake ni ghorofa tatu: ask, question, interrogate. La kwanza ni la asili ya Kisaksoni, la pili lilipita kwa Kifaransa, la tatu ni la Kilatini. Kifaransa kinaweza kusema mambo hayo, lakini maneno yake yote ni ya ukoo mmoja, hivyo masikio hayasikii ngazi ya kupanda. Kiswahili kinasikia. Uliza ni la Kibantu. Hoji na saili yalikuja na Kiarabu. Mtoto humwuliza mama yake. Askari humhoji mshukiwa. Jopo humsaili mwombaji wa kazi. Katika lugha zote mbili, Kiingereza na Kiswahili, neno la mgeni ndilo lililovaa kanzu ya mamlaka. Hilo si pambo la msamiati. Ni kumbukumbu ya nani aliwahi kuketi kitini na nani aliwahi kusimama mbele yake.

Mwaka 1959 mwanaisimu Roman Jakobson aliandika makala mashuhuri kuhusu tafsiri, na ndani yake akaweka hoja iliyosaidia sana kuusogeza mjadala huu: kwamba lugha zote zaweza kusema kila kitu, na tofauti yao kubwa iko katika yale ambayo kila moja humlazimisha msemaji ayaseme. Kifaransa humlazimisha mtu achague kati ya tu na vous kabla hajafika kwenye kitenzi. Hawezi kumwambia mwenzake jambo bila kutaja umbali uliopo kati yao. Kiingereza cha leo hakimdai hilo. Kiswahili hakimdai kwa kiwakilishi, bali adabu humdai kwa njia nyingine: kwa shikamoo, kwa mama, kwa mzee, kwa kutomwita mkubwa kwa jina lake tupu. Kifaransa hakiwezi kumtaja mkimbizi mwanamke bila kuonyesha kuwa ni mwanamke. Kiingereza na Kiswahili vinaweza kumtaja kurasa nzima bila kufichua. Kwa hiyo swali la haki si kuuliza lugha gani yaweza kusema. Ni kuuliza lugha gani humtoza msemaji gharama gani ili jambo fulani lisikike.

Sydney ina mfano wa gharama hiyo ambao ni wa zamani kuliko ofisi zake zote. Kati ya mwaka 1790 na 1791, luteni William Dawes, mnajimu wa kikosi cha kwanza cha Waingereza, aliandika katika madaftari madogo lugha ya wenyeji wa bandari hiyo. Mwalimu wake mkuu alikuwa msichana aitwaye Patyegarang. Madaftari hayo yamehifadhiwa London, katika chuo cha SOAS, ambako pia yamehifadhiwa maandishi mengi ya kale ya Kiswahili. Ndani yake mna kitenzi kimoja, putuwá. Dawes alilazimika kukieleza kwa maneno mengi: kuota moto mikono, kisha kuviminya taratibu vidole vya mtu mwingine. Kiingereza hakina neno hilo. Kifaransa cha La Pérouse hakikuwa nalo. Kiswahili hakina. Lugha tatu zenye makamusi manene zinafika mbele ya kitenzi kimoja cha watu ambao mabaharia wa Ulaya waliwaona kuwa hawana kitu, na zote zinapaswa kuzunguka.

Lakini zinafika. Hilo nalo lisisahauliwe. Dawes alieleza, na msomaji wa leo anaelewa, pengine hata kuhisi joto la vidole. Kilichohitajika ni mtu mmoja aliyekubali kufundisha na mwingine aliyekubali kukaa chini na kuuliza tena. Desemba 1790 gavana Phillip aliamuru kikosi kitoke kwenda kuwaadhibu wenyeji kwa kujeruhiwa kwa mwindaji wake. Dawes alikataa kwanza kwenda. Baadaye alishawishiwa akaenda, kisha akasema wazi kwamba anajuta kwenda. Hakuna awezaye kuthibitisha kwamba ni lugha iliyomfanya asite. Inatosha kuona kwamba mtu aliyekuwa akijifunza vitenzi vya watu hao ndiye aliyeona ugumu wa kutii.

Kutoka hapo mjadala wa Kiingereza na Kifaransa unafika mahali ambapo si mchezo wa wasomi tena. Mkataba wa Geneva kuhusu hali ya wakimbizi ulitiwa saini tarehe 28 Julai 1951, kwa Kiingereza na Kifaransa, matini zote mbili zikiwa na nguvu sawa. Australia ilikuwa nchi ya sita kuuridhia, tarehe 22 Januari 1954, na kwa hatua hiyo ndipo mkataba ukaweza kuanza kutumika tarehe 22 Aprili mwaka huo. Ibara ya 33 inakataza nchi kumrudisha mkimbizi mahali ambapo maisha au uhuru wake utakuwa hatarini. Matini ya Kifaransa inatumia kitenzi refouler, chenye maana ya kusukuma nyuma, kama polisi wanavyousukuma umati au ukuta unavyoyarudisha maji. Waandishi wa matini ya Kiingereza walitumia return, kurudisha, kisha wakaona halitoshi. Wakalichukua neno la Kifaransa lenyewe wakaliweka kando yake. Hadi leo matini ya Kiingereza ina neno hilo la kigeni kati ya mabano, ni kama mgeni aliyealikwa kutoa ushahidi.

Mgeni huyo alitoa ushahidi kwa namna ambayo haikutarajiwa. Mwaka 1993 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua shauri la Wahaiti waliokuwa wakikamatwa baharini na kurudishwa kwao bila ya kusikilizwa. Majaji wanane kati ya tisa waliona kwamba ibara hiyo haifiki kwenye bahari kuu. Sehemu ya hoja yao ilikuwa ya kamusi: kwamba neno la Kifaransa, likitafsiriwa kwa Kiingereza, linaelekea kwenye maana ya kumzuia mtu mlangoni na si kumrudisha kutoka popote alipo, na kwa hiyo neno la Kiingereza lililo kando yake nalo lisomwe kwa ufinyu. Jaji mmoja, Harry Blackmun, alipinga. Kwake, kusukuma nyuma ndiko hasa kulikokuwa kukifanyika pale baharini. Hapa yapasa kusimama kidogo. Neno liliongezwa ili kupanua ulinzi, likasomwa ili kuupunguza. Wingi wa maneno haukumwokoa yeyote. Tena watu wenyewe walitoka katika nchi ambayo Kifaransa ni mojawapo ya lugha zake za kiserikali, na wengi wao walisema Kikrioli, lugha ambayo haikuulizwa kitu.

Neno la pili la mkataba huo ni zito zaidi kwa watu wa Maziwa Makuu. Mkimbizi, kwa matini ya Kiingereza, ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa sababu ya hofu yenye msingi imara ya kuteswa. Matini ya Kifaransa inasema kwa namna nyingine: ni mtu ambaye anahofia, na ana sababu ya kuhofia. Kiingereza kinatoa nomino na sitiari ya ujenzi: hofu ni kama nyumba, nayo hukaguliwa msingi wake. Kifaransa kinatoa kitenzi: yupo mtu, na mtu huyo anafikiri juu ya kitakachompata. Zaidi ya hayo, Kifaransa kina majina mawili ya jambo hili. Peur ni ile ya mwili, ya moyo kupiga na magoti kulegea. Crainte ni ile ya akili inayotazama mbele, na ndiyo inayotumika hata kwa kumcha Mungu. Mkataba ulichagua upande wa crainte. Kiingereza, kwa neno fear, kinabeba zote mbili kwa kapu moja, na wanasheria wake wamebishana kwa miongo mingi kama mwombaji hifadhi lazima aonyeshe kwamba anatetemeka, au inatosha kuonyesha kwamba hatari ipo. Mahakama Kuu ya Australia, katika shauri la Chan la mwaka 1989, ilisema kwamba inatosha kuwepo uwezekano wa kweli wa kuteswa, hata kama uwezekano huo ni mdogo kuliko nusu. Mwaka 2014 Bunge la Australia lilibadilisha sheria ya uhamiaji na kuweka ndani yake tafsiri yake yenyewe ya nani ni mkimbizi. Hofu yenye msingi ilibaki, ikafafanuliwa kwa Kiingereza. Matini ya Kifaransa haikai tena kwenye meza hiyo kama ilivyokaa zamani.

Sasa alete mtu Kiswahili mezani. Kiswahili kina mgawanyo wake. Woga unatoka katika shina moja na ogopa, na mwoga ni mtu wa kuchekwa. Methali zenyewe hazikubaliani juu yake, moja ikisema kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, lakini hata methali hiyo inayomtetea inajua kwamba anahitaji kutetewa. Hofu, neno la Kiarabu, limepoa zaidi. Mtu aweza kuhofia jambo bila aibu, na kitenzi hofia kinakaribia sana kile cha Kifaransa. Kicho ni cha heshima, cha mchamungu. Mkalimani aliyeko upande wa pili wa simu, maana Australia imekuwa na huduma ya ukalimani kwa simu tangu mwaka 1973, anasikia swali la Kiingereza lenye neno moja na ana nafasi ya nukta chache kuchagua. Aseme, Mzee, unaogopa nini ukirudi? Au aseme, Mzee, unahofia kitatokea nini ukirudi?

Chukua mfano wa mzee wa kufikirika, aliyetoka Fizi, baba wa watoto wakubwa walioketi naye. Akiulizwa kwa ogopa mbele ya wanawe, ni rahisi kwake kujibu: Siogopi, Mungu yupo. Kwa Kiswahili jibu hilo ni kamilifu. Linasema kwamba hatari ipo, la sivyo Mungu asingetajwa. Linasema kwamba yeye ni mtu mzima asiyelia mbele ya wageni. Linamshukuru aliyemfikisha hai. Kwa Kiingereza cha faili linakuwa sentensi fupi: haogopi. Kila neno limetafsiriwa kwa uaminifu na maana yote imepotea. Akiulizwa kwa hofia, huenda ataeleza: watakuja usiku, wanaijua nyumba, walimchukua ndugu yangu. Na hapo linaingia neno jingine lenye mtego. Ndugu yaweza kuwa mtoto wa mama yake, mtoto wa baba mdogo, au mtu wa ukoo. Fomu ina nafasi ya kaka na dada tu, na mwaka uliopita katika fomu nyingine hakumwandika ndugu huyo kwa sababu hawakuzaliwa tumbo moja. Kifaransa kingekuwa na kasoro ileile, kwa kuwa frère nalo halimwingizi mtoto wa baba mdogo. Mzee hakusema uongo mahali popote. Amesema kweli katika lugha ambayo wavu wake una matundu tofauti.

Yupo atakayesema kwamba sheria haiwezi kusubiri semina ya isimu, kwamba ofisa ana mafaili mengi, na kwamba neno likishakuwa na maana ya kisheria lazima libaki nayo, kila mtu ajue linakoanzia na linakoishia. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Bila maneno yaliyotulia, mkimbizi mwenyewe ndiye wa kwanza kuumia, kwa kuwa atakuwa chini ya hisia za kila ofisa. Lakini uthabiti wa neno ni wa neno la sheria. Haumpi ofisa ruhusa ya kudhani kwamba neno la shahidi limekatwa kwa mkasi uleule. Kinachohitajika hapa ni swali la pili: mzee amesema haogopi, je, anafikiri nini kitampata akirudi? Swali hilo linachukua nusu dakika. Kanuni za ukalimani, zinazomkataza mkalimani kuongeza au kupunguza, hazimzuii kusema kwamba neno fulani lina maana mbili na kuomba ruhusa ya kuuliza ni ipi. Mkalimani anayenyamaza kwa kuogopa kuonekana anapendelea atakuwa ametunza maneno akaiacha maana.

Wala Kiswahili kisijitoe katika hesabu hii kwa kuwa leo kimesimama upande wa mwombaji. Nacho ni lugha kubwa. Mwanamke mzee wa kutoka milima ya Kivu aweza kuandikwa kwenye faili kwamba lugha yake ni Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha ya eneo lake inayojulikana mbali, ilhali mambo yaliyomuumiza ameyaishi kwa Kibembe au Kifuliiru. Mkalimani wa Kiswahili akija, hasa mwenye Kiswahili cha Dar es Salaam au Mombasa, mwanamke huyo anaanza kutafsiri moyoni kabla ya kutafsiriwa. Yale ambayo Kiingereza kinamfanyia Mswahili, Kiswahili kinamfanyia Mbembe. Anayedai subira ya wenye nguvu anapaswa kuitoa pia pale ambapo mwenye nguvu ni yeye.

Lipo jambo moja ambalo msamiati wenyewe unafundisha, na lafaa kuwa ndilo la mwisho. Neno la Kiingereza refugee lilitoka kwa Kifaransa, likaingia na Waprotestanti waliokimbia Ufaransa baada ya mfalme wao kuifuta amri ya Nantes mwaka 1685. Katika lugha zote mbili mtu huyo ameitwa kwa jina la mahali anapopaelekea: ni mtu wa kimbilio. Kiswahili kimemwita kwa jina la kitendo chake: mkimbizi, mwenye kukimbia. Lugha za Ulaya zinautazama mlango. Kiswahili kinaitazama miguu. Hakuna kati ya majina hayo lililo kamili. Linalotazama mlango humsahaulisha ofisa kilichoko nyuma ya mgeni, na linalotazama miguu humsahaulisha mgeni kwamba ana haki ya kufika. Yakiwekwa pamoja, yanamtaja mtu mzima. Huenda hiyo ndiyo faida ya pekee ya kulinganisha lugha: kukiona kile ambacho yako imekiacha, kabla ya kuandika kwenye faili la mtu mwingine kwamba haogopi.